Mtumbwi wa Upepo: Je, Waaminika kwa Safari ya Kulala?

Chombo cha majini huulizwa maswali mawili. Swali la kwanza ni kama kitaelea, na hilo hata shina la mgomba hulijibu vizuri. Swali la pili ni kama kesho alfajiri, baada ya wasafiri kulala ufukoni mbali na nyumbani, kitakuwa bado ni chombo au kitakuwa furushi la plastiki lililolowa umande. Nataka leo, ndugu msomaji, tulizungumze swali hili la pili. Hapa kwetu Mutanga Sud, mjini Bujumbura, limekuwa swali la nyumba nzima kwa muda mrefu, na nimeona kwamba ndugu wengi wa jeshi na polisi wanaopangiwa kazi karibu na maziwa yetu wanavitazama vyombo hivi vya kupuliza kwa tamaa, wala hawajui waviamini kwa kiasi gani.

Kayaki asili yake ni mtumbwi mwembamba wa Wainuiti, watu wa kaskazini ya dunia, ambao waliunda kiunzi cha mbao na mifupa wakakivika ngozi ya sili. Hii ya kisasa haina kiunzi. Kiunzi chake ni upepo. Wetu una urefu wa mita 4, una nafasi ya watu wawili, na una vyumba vitatu vya upepo: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na sakafu. Ukishaondolewa upepo, unakunjwa ukaingia katika mfuko ambao ukubwa wake si zaidi ya gunia la makaa. Tuliupata kwa mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake akawa anauza vitu vyake kabla ya kurudi kwao, pamoja na majiko, mapazia na baiskeli ya mtoto.

Mtu aweza kuuliza, watu wa Mutanga Sud wana haja gani na mtumbwi? Sisi si wa ufukoni. Mtaa wetu uko juu kwenye mteremko, na jioni hewa inapokuwa safi twaliona ziwa lote limelala chini, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Lakini hiyo ndiyo sababu yenyewe. Asiyekaa ufukoni hana pa kuweka mtumbwi wa mbao, na akiuweka kwa watu hulipa mlinzi kila mwezi. Mashua ya injini nayo hudai petroli, na kila mkazi wa Bujumbura aliyesimama katika foleni za petroli miaka hii ya karibuni ajua kwamba hicho si kitu cha kukifanyia mzaha. Chombo cha kukaa mvunguni mwa kitanda, kikashushwa ziwani kwa teksi na kurudishwa juu ya basi, chamfaa mtu wa mtaa kama wetu. Laiti nasi tungeweza kukiamini.

Mke wangu ni askari polisi, mimi ni mwalimu. Nimetaja kazi yake kwa sababu ndiyo iliyofanya jambo hili lichunguzwe kama kesi. Kijana wetu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 19, alitaka twende naye kwa kayaki kutoka Bujumbura hadi Rumonge, kiasi cha kilomita 70 na kitu kwa kufuata ufuko, na kulala njiani siku mbili. Mama yake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Baba watoto, ubavu mmoja ukipasuka katikati, mtafanya nini?"

Nikasema vyumba ni vitatu, kwa hiyo viwili hubaki.

"Umeona kwa macho, au umesoma kwenye karatasi ya mfuko?"

Nilikuwa nimesoma kwenye karatasi. Basi safari ikaahirishwa mpaka ushahidi upatikane, na mimi nikaanza kuuchunguza mtumbwi huu kwa namna ambayo sikuwahi kuchunguza kitu chochote cha nyumbani mwetu.

Nikaanza na vitabu, kama ilivyo desturi ya walimu. Kuvuka maji kwa kutumia upepo si uvumbuzi wa juzi. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, ziko picha za mawe zilizochongwa katika karne ya 9 kabla ya Kristo, zikionyesha askari wa Ashuru wakiogelea mtoni huku wamekumbatia viriba vya ngozi vilivyopulizwa. Katika miaka ya 1840, Luteni Peter Halkett wa jeshi la majini la Uingereza alibuni joho la mpira ambalo mtu hulivaa kama koti la mvua, na akifika mtoni hulivua, hulipuliza, likawa mashua, na mwavuli wake ukawa tanga. Mke wangu aliposikia habari hii alicheka sana, akasema koti hilo lingefaa foleni za masika. Lakini si mchezo. Mpelelezi John Rae aliitumia mashua ya Halkett katika nchi za barafu, akavukia mito.

Mfano ulionisadiki zaidi ni wa daktari Mfaransa Alain Bombard. Mwaka 1952 aliondoka visiwa vya Canary peke yake katika mashua ya mpira aina ya Zodiac, yenye urefu usiozidi mita 5, akafika Barbados baada ya siku 65. Yeye mwenyewe alikonda kilo 25. Mashua ilifika nzima. Nikasema moyoni, kama mpira wa mwaka 1952 ulivumilia bahari ya Atlantiki kwa siku 65, plastiki ya leo haitashindwa na siku tatu za Tanganyika.

Hata hivyo mke wangu aliutaka mfano wa askari, na wa askari niliompa ulimpa yeye hoja. Desemba 1942 kikosi kidogo cha wanamaji wa Uingereza, chini ya Meja Hasler, kilipelekwa kwa nyambizi hadi karibu na mdomo wa mto Gironde, Ufaransa, ili kupiga kasia usiku na kujificha mchana mpaka bandari ya Bordeaux, wakategee mabomu meli za adui. Kayaki zao zilikuwa za kukunjwa, ubavu wa turubai na sakafu ya mbao. Zilikuwa sita. Moja haikugusa maji kabisa: ilichanika ilipokuwa ikitolewa katika mlango wa nyambizi, na watu wake wawili wakabaki. Watu kumi walishuka majini. Mitumbwi miwili tu ndiyo iliyofika Bordeaux, na watu wawili tu ndio waliosalimika hadi mwisho wa kazi ile. "Umeona," akasema mke wangu, "ya sita haikuuawa na maji. Iliuawa na mlango."

Neno hilo nililichukua kama utani, kumbe ndilo lililokuwa kiini cha jambo lote. Tangu hapo nimeweka kumbukumbu ya kila kovu la mtumbwi wetu, na yaliyopatikana majini ni machache mno kuliko yaliyopatikana nchi kavu: kwenye buti la teksi, juu ya basi, sakafuni kwetu, na kwenye hatua zile ishirini za kutoka barabarani mpaka majini.

Ushahidi wa kwanza tuliutafuta ufukoni. Jumamosi moja asubuhi tulikwenda nyumba nzima. Kijana na mimi tulivaa majaketi ya kujiokolea, tukaingia mahali maji yanapofika kifuani, tukapakia mawe yenye uzito wa mizigo ya safari, kisha nikafungua valvu ya ubavu wa kushoto kwa makusudi. Mke wangu alisimama ufukoni na saa mkononi.

Haikuzama. Hilo napenda liandikwe wazi kwa faida ya wenye hofu. Sakafu na ubavu wa kulia viliubeba mzigo wote pamoja nasi. Lakini mtumbwi uliinama upande wa kushoto, maji yakaingia mpaka mapajani, na kasia halikuwa na maana tena kwani kila tulipolivuta chombo kilizunguka kama kuku aliyekatwa shingo. Tulikifikisha nchi kavu kwa kushuka na kukisukuma tukiogelea, umbali wa mita 50, kwa dakika saba. Kwa hiyo jibu la swali la polisi ni hili: ubavu ukipasuka karibu na ufuko, utalowa na kuaibika, ukipasuka kilomita mbili ndani, upepo ukivuma kuelekea Kongo, hutafika kwa nguvu zako. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, haipitwi duniani ila na Baikal ya Urusi, na ufuko wake mahali pengi hushuka ghafla. Tukaandika sharti la kwanza: tusiende mbali kuliko mwendo ambao kijana aweza kuogelea akiuvuta mtumbwi, yaani mita 200 toka nchi kavu.

Sasa nizungumze juu ya jua, maana hapa ndipo wengi hupoteza vyombo vyao wakidhani wameuziwa vibovu.

Upepo uliofungwa katika chumba hupanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Chukua ubavu uliojazwa asubuhi, hewa ikiwa nyuzi 20, kwa shinikizo la bari 0.15, ambalo ni la kawaida kwa mitumbwi ya aina hii. Uache mchangani saa saba mchana, digrii tatu na kitu tu kusini ya ikweta, na plastiki yake ikiwa nyeusi itafika nyuzi 50 bila taabu. Shinikizo lile laweza kukaribia bari 0.25, na mshono ulioundwa kwa gundi, ambayo nayo imelainika kwa joto lile lile, ndio unaolipa. Wasafiri wengi hupasukiwa mitumbwi wakila chakula cha mchana. Dawa ni rahisi: ukitoka majini, fungua valvu utoe upepo kidogo, au uweke mtumbwi kivulini, au uuache ukielea kwa kamba, kwa kuwa maji huuponyesha joto.

Usiku mambo hugeuka. Mtumbwi uliokuwa mgumu kama ngoma jioni huwa laini saa nne ya usiku, na msafiri mgeni huamka akapiga kelele kwamba unavuja. Hauvuji. Umepoa tu. Desturi yetu ni kuujaza upya jua likisha kuzama na hewa ikisha poa, na kuanzia hapo ndipo twaweza kuuhukumu: ukilegea tena kabla ya alfajiri, hapo kweli pana tundu. Ukiuhukumu kwa ugumu wa saa kumi jioni utakuwa umemwonea mtu asiye na hatia.

Kuhusu aina za vyombo vyenyewe nitasema kwa ufupi. Kuna vile vya plastiki tupu, jamaa ya mipira ya kuogelea ya watoto. Hivyo ni vya kuchezea karibu na mama, wala asipatikane mtu wa kulala navyo safarini. Kuna vya plastiki iliyotiwa kitambaa cha nyuzi katikati, kama wetu. Hivyo hustahimili michubuko ya mawe na mchanga kwa miaka kadhaa vikitunzwa. Kuna vya mpira mzito, ambavyo hulivumilia jua kuliko vyote, lakini bei yake na uzito wake si wa mwalimu. Aidha ziko sakafu ambazo ndani zina maelfu ya nyuzi zinazounganisha kitambaa cha juu na cha chini, hata zikijazwa zinakuwa bapa na ngumu kama ubao. Ufundi huo ni wa zamani. Mwaka 1956 kampuni ya Goodyear ya Marekani iliutumia kuunda ndege nzima ya kupuliza, iliyokusudiwa kuangushiwa marubani walioanguka nyuma ya mstari wa adui ili waipulize na kuruka nayo. Iliruka kweli. Sijui ni rubani gani angekuwa na moyo wa kuipanda huku akipigwa risasi.

Akina mama wanaosoma ukurasa huu watataka kujua chombo hiki hukaa wapi nyumbani. Chetu kilianza kukaa stoo, tukakitoa baada ya wiki moja kwa sababu ya panya, ambao hawali plastiki bali huitafuna kwa kupitia, hasa kama kimebakiwa na harufu ya ndagala. Sasa kinaning'inia kwa kamba pana mbili katika ukumbi wa kuingilia, kimekunjwa kwa ulegevu. Kabla ya hapo huoshwa kwa maji matupu na sabuni laini, mchanga wote ukaondolewa katika pembe za sakafu, kwa kuwa chembe ya mchanga iliyobanwa kati ya mikunjo hufanya kazi ya msasa kila chombo kinapotikisika. Hukaushwa kivulini mpaka ndani ya mishono; kikikunjwa na unyevu huota ukungu na kunuka mwaka mzima. Mafuta ya taa na petroli yasiguse kabisa. Na mikunjo ibadilishwe kila mara: leo kunja tatu, kesho kunja nne, ili mstari usianguke siku zote mahali pale pale. Mwenye mtumbwi aliyetutangulia alikuwa mtu nadhifu aliyekunja siku zote kwa mistari ile ile, na unadhifu wake huo tulikuja kukutana nao ziwani.

Kuhusu viraka nilishuka Buyenzi, kwa fundi mmoja wa tairi nyuma ya soko la Ruvumera, mzee ambaye ameziba tyubu za baiskeli tangu kabla mimi sijaoa. Aliikunja ile plastiki kati ya vidole vyake, akainusa, akanirudishia.

"Mwalimu, hii si mpira. Solusheni yangu haitashika. Itakuonyesha imeshika leo, kesho itaachia kama stampu."

Akatwaa kipande, akakitia solusheni ya tyubu, akakibandika kwenye ukingo wa mfuko wetu wa vifaa, akaniambia nirudi kesho yake. Nilirudi, nikakivuta kwa kucha, kikatoka chote. Fundi yule hakupata hata faranga moja kwa somo lile ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa na thamani kuliko mtumbwi. Plastiki ya PVC hutaka gundi yake yenyewe, na huipati kila duka. Muuzaji mmoja wa mjini alinipa chupa akiapa kwamba ni ya vitu vyote, na jaribio lile lile la kucha likaikataa siku ya pili. Ya kweli tuliipata kwa watu wanaoshona maturubai ya malori.

Sasa safari. Tuliondoka mwanzoni mwa Juni, saa kumi na mbili asubuhi, ziwa likiwa limetulia kama maziwa kibuyuni. Mke wangu alikuwa ameuacha mtumbwi umejazwa uani kwa saa 24, akaubonyeza kwa kidole gumba usiku na asubuhi, akaridhika. Kikwazo cha kwanza kilikuwa pale pale mjini. Ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024, hata watu wa Gatumba wakahama nyumba zao, lilimeza kuta, nyuzi za seng'enge na nguzo za bustani za ufukoni, na mabaki mengine yamesimama chini ya maji mahali ambapo macho hayaoni. Nondo moja ya kutu ni adui mkubwa wa mtumbwi wa upepo kuliko mawimbi. Kijana alikaa mbele akitazama chini, nami nikapiga kasia polepole mpaka tukapita nyumba za mwisho.

Mbele kidogo tuliupita mlima wa Mugere, lilipo jiwe la Livingstone na Stanley. Hao nao walikuwa katika safari ya kulala ufukoni: waliondoka Ujiji Novemba 1871 kuja kuona kama mto Ruzizi hutoka ziwani au huingia, wakakuta waingia, na tarehe 25 Novemba wakapiga kambi hapo. Chombo chao kilikuwa gogo la mvule lililochongwa katika milima ya Ugoma, ng'ambo ya ziwa. Gogo haliogopi nondo wala panya. Lakini lilihitaji wapiga makasia wengi, wala halipandi basi.

Kufikia saa nne upepo wa kusini ukaanza, kama ufanyavyo kiangazi, na hapo niliona kasoro ambayo hakuna kiraka cha kuitibu: mtumbwi wa upepo hukaa juu ya maji kama jani, na upepo wa mbele huusukuma nyuma kila kasia linapopumzika. Mwendo wetu wa kilomita 5 kwa saa ukawa 2. Tangu hapo tulisafiri alfajiri hadi saa nne, na jioni saa moja tu. Mtu anayepanga safari asihesabu kilomita za ramani. Ahesabu saa za utulivu.

Usiku wa kwanza tulilala kati ya Kabezi na Magara, mbali na mdomo wa mto wowote kwa sababu ya mamba na viboko. Kiboko hutoka usiku kula majani, na hana habari na mtumbwi ulio njiani pake. Tuliubeba mtumbwi, hatukuuburuta, tukauinua juu ya mchanga na kuufunga kwenye mti kwa kamba mbili, mbele na nyuma. Kamba ya pili si anasa. Usiku hewa ya milimani hushuka kuelekea ziwani, na chombo cha kilo 17 kilichojaa upepo huweza kubingirika kama puto, mwenyewe akiwa usingizini. Kulikuwa na giza la mwezi mchanga, na ziwa lote likawa mji wa taa, maana wavuvi wa ndagala hupenda giza. Ni pazuri kutazama ukiwa ufukoni. Kuwa katikati ya vyombo vile ndani ya mtumbwi mweusi usio na taa, ukaingia chini ya kamba za nyavu zao, ni jambo ambalo mke wangu alilikataza kwa maandishi, nami nilitia sahihi bila kujadiliana.

Usiku wa pili tulikuwa karibu na Minago. Jua lilipozama tuliujaza mtumbwi kama desturi. Saa nne nikaubonyeza: ubavu wa kulia umelegea. Hewa ilikuwa imekwisha poa tangu saa moja, basi si baridi. Tukachanganya sabuni ya kipande na maji kikombeni, tukapaka polepole kwa mwanga wa tochi, na karibu na mshono, juu ya mstari wa mkunjo wa yule bwana nadhifu, mapovu madogo yakaanza kuota moja moja. Tundu lenyewe halikuonekana kwa macho.

Tulifanya kama fundi alivyotufundisha. Tuliufungua ubavu, tukakausha, tukafuta mahali pale mara moja kwa asetoni, ambayo ni dawa ya kuondolea rangi ya kucha tuliyopewa na mama mwenye nyumba, ile isiyo na mafuta. Tukakata kiraka cha duara, kwa kuwa pembe ndizo huanza kubanduka, chenye kuzidi tundu vidole viwili kila upande. Gundi nyembamba pande zote mbili, tukangoja, tukapaka tena, tukangoja inatenate, tukabandika na kukandamiza kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati. Kisha likaja lililo gumu kuliko yote: kungoja saa 24.

"Baba," akasema kijana asubuhi, "Rumonge si mbali. Tundu ni dogo. Tutapuliza kila nusu saa."

Hesabu yake haikuwa ya kipumbavu. Tundu lile lilikuwa likitoa upepo taratibu, na pampu ilikuwapo. Lakini anayepuliza hapigi kasia, na upepo wa kusini haungoji; tena ubavu unaokunjwa na kila wimbi huligeuza tundu la sindano kuwa mpasuko, na sisi tulikwisha ona kifuani mwa maji mpasuko huleta nini. Nikampigia simu mama yake. Aliniacha nieleze yote, kisha akauliza maswali mawili tu: kiraka kimebandikwa saa ngapi, na kama tumekula. Akasema, "Basi mnalala hapo tena."

Kijana alinuna mpaka mchana. Wavuvi waliorudi walikuja kuangalia mtumbwi wetu ukiwa umelala kama mgonjwa, wakacheka kwa heshima, wakatupa mukeke wawili. Mmoja wao, mzee, aliniambia chombo chake cha mbao kinavuja tangu kilipozaliwa, na kila asubuhi hukitoa maji kwa kopo la rangi. "Lakini mimi najua kinavuja wapi," akasema, akamwonyesha kijana mstari wa pamba na lami aliousindika mwenyewe. Kijana alikaa naye saa nyingi, akajifunza kusindika, na kununa kukaisha.

Kesho yake alfajiri ubavu ulikuwa mgumu. Tuliushusha majini, tukapiga kasia karibu na ufuko saa nzima kabla ya kuuamini, kisha tukaendelea. Tulifika Rumonge kabla ya upepo kuamka, siku moja nyuma ya ahadi. Kiraka kile kipo mpaka leo, na ndicho mahali pagumu kuliko pote katika ubavu ule.

Tulirudi kwa basi, mfuko ukiwa juu ya mizigo, nao umezungushiwa blanketi kuukinga na vyuma. Katika kizuizi kimoja askari aliuliza mfuko ule una nini. Kijana akajibu, "Mashua, afande." Askari akautazama mfuko, akamtazama kijana, akaamuru ufunguliwe. Ulipofunguliwa aliipapasa plastiki kwa mkono, akauliza bei, akauliza kama inaweza kubeba mtu wa kilo 90, na basi zima likangoja maelezo yakiisha.

Kwa sasa kijana anataka Nyanza-Lac, usiku nne au tano, na amekwisha kukata viraka sita vya duara akavitia katika kopo. Mama yake hajakubali wala hajakataa. Amesema mtumbwi ujazwe Ijumaa jioni uwekwe uani, na Jumamosi usiku, akirudi zamu, ataubonyeza mwenyewe.